Mafuta ya Kondoo kwenye Treni ya Mbao

Raphaeli wa Kansay alikuwa seremala wa vitanda, madawati na, Mungu atuhurumie, majeneza. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kucheka kwa furaha mbele ya kazi yake. Ndiyo maana Dickson, mwenye bustani ya watoto pale Karatu mjini, alipomwonyesha kwenye simu treni ya mbao inayopanda na kushuka vilima vya mbao, mzee aliitikia kabla hajaulizwa.

Akaijenga kwa mikaratusi, reli zikipinda kama njia ya ng'ombe ishukayo mtoni. Watoto wangekaa kwenye kigari, vijana wakivute kwa kamba na roda mpaka juu, kisha wakiachie. Siku ya kufungua ikapangwa Jumatatu ya Pasaka.

Shida ilikuwa magurudumu, yalilia kupita kiasi. Nyumbani kwake, mke wa mwanawe Adrian, Lilian, alikuwa amejifungua, na jirani yao Naishorua, bibi wa Kimaasai, alimletea mzazi kopo la mafuta ya kondoo kama ilivyo desturi kwao. Raphaeli akachota nusu. Akapaka magurudumu, akapaka reli, na kwa yaliyobaki akazisiliba nguzo za kwenye kona zisije zikapasuka kwa jua. Treni ikanyamaza. Akamshukuru Mungu.

Asubuhi ya Jumatatu ile alikuta nguzo zimeliwa. Meno yalikuwa yamechimba ubavuni, mti umebaki nyuzinyuzi, na nyayo za fisi zimejaa kwenye udongo mwekundu. Akaingiza mkono kwenye lile jeraha; ukazama hadi kifundo.

Dickson akaja, akatazama nguzo, akatazama lango. Akina mama walishaanza kufika kutoka kanisani, watoto wamevaa viatu vipya.

"Pigilia bati, Fundi, upake rangi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Mzee wangu, fisi kala ganda tu. Usitutie aibu leo."

Raphaeli akatafuta bati. Tusimhukumu. Kile kicheko alikuwa akikingoja tangu ujana wake. Akashika nyundo, akalipima bati. Ndipo akamsikia mama mmoja langoni akisema, "Huyu wangu mkorofi akae mbele kabisa, asije akawapiga wenzake."

Nyundo ikamdondoka.

Akaenda langoni, akavua kofia. "Ndugu zangu, kosa ni langu. Nilipaka nguzo mafuta ya kondoo, fisi wamezila. Watoto wasubiri, yapande magunia ya mahindi kwanza."

"Fundi kawaandalia fisi Pasaka!" mtu akapaza sauti.

Naishorua, aliyekuwa akiuza maziwa pale langoni, akashika kiuno. "Baba Adrian! Mafuta yale nilimpa mzazi. Treni yako nayo imezaa?"

Watu wakacheka mpaka machozi. Kicheko kimekuja, mzee akawaza, ila si kile.

Kwa hasira Dickson akaleta magunia ya mahindi kutoka jikoni, wakayapakia. Kigari kikapanda, kikashuka, kikapita kona. Dickson akapiga makofi. "Umeona?"

"Tena," Raphaeli akasema.

Kikapita tena. Watoto wakaanza kusukumana kutafuta nafasi.

"Basi, Mzee! Inatosha!"

"Mara moja tu, mwanangu. Nakuomba."

Safari hiyo kona ililia kama mfupa unaovunjika. Nguzo ikakatika, kigari kikaruka, magunia yakapasukia kwenye mawe, mahindi yakatapakaa hadi langoni. Hakuna aliyecheka. Yule mama alimvuta mkorofi wake akamfunika kwa khanga, na Dickson akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

Treni ile haikujengwa tena. Mbao zake zimekwisha kuwa kuni. Mnadani wanamwita Fundi Fisi, naye huitika bila kinyongo. Kilichomshinda ni usingizi. Kila akifumba macho huliona gunia likiruka, na kabla halijafika kwenye mawe huwa limeota miguu, na miguu imevaa viatu vipya. Hapo hushuka kitandani, akapiga magoti.