Kinywa cha Kupulizia Ulezi

Nilipokuwa mtoto, hakuna mbegu ya ulezi iliyotoka nyumbani kwetu Kasense kwenda shambani bila kupuliziwa maji kwa kinywa. Mvua za kwanza zikishalainisha ardhi, Bibi alizimwaga mbegu kwenye ungo asubuhi, akajaza maji mdomoni na kuzipulizia, maji yakatua juu yake kama umande. Kisha mjukuu mmoja aliyemchagua mwenyewe alipulizia mara ya pili, na siku hiyohiyo zikapandwa. Bibi alikuwa mtu wa rozari na jumuiya, lakini jambo hili aliliamini sawa na alivyoiamini misa. Alisema mbegu huisikia pumzi ya anayezipulizia. Kinywa kinachonuka kimeficha neno, na mbegu ikilisikia neno hilo, haioti.

Mimi nilikuwa na miaka minane, na kinywa changu kilinuka.

Hakuna aliyeniambia waziwazi. Binamu yangu Odilia, aliyenizidi miaka mitatu, ambaye nililala naye kitanda kimoja, alisema tu, "Felista, geukia ukutani," hata katika baridi ya Juni ambayo watoto wa kwetu hulala wamekumbatiana. Darasani, mwenzangu wa dawati alivuta kola ya sweta mpaka puani. Nilitafuna majani ya mpera. Nilitafuna mkaa. Nilitafuna bigijii mpaka ikawa ngumu kama mpira. Harufu iliondoka kidogo, halafu ikarudi.

Kumbe jino langu la nyuma lilikuwa na tundu, na lilikuwa likiniuma tangu mavuno. Sikumwambia mtu, kwa sababu Odilia aliwahi kunisimulia kwamba koleo la daktari wa meno halijui tofauti ya jino na taya. Basi niliposikia habari ya neno lililofichwa, nilidhani ni dhambi. Nikazitafuta dhambi zangu zote, sukari niliyoilamba, jembe nililoliacha mvuani nikasema si mimi, nikazitubu moja moja moyoni. Jino sikulihesabu. Maumivu hayakuwa dhambi.

Jumamosi moja ya Novemba, Bibi alitupanga mlangoni kama kawaida yake ili amchague wa kupulizia, akatusogezea shavu tumpumulie. Odilia alipumua kwa madaha. Zamu yangu ilipofika nilitoa pumzi ndogo kabisa, kama anayezima kibiriti.

"Wewe bado, mama," Bibi alisema taratibu.

Odilia akasema nikipulizia mimi, hata magugu hayataota. Watoto wakacheka. Bibi akamnyamazisha, lakini aliyechaguliwa alikuwa yeye.

Mchana ule, Bibi alipokwenda jumuiya, niliingia chumba cha ndani. Mbegu zilikuwa kwenye kikapu, zikingoja kupandwa Jumatatu. Nilijaza maji mdomoni nikazipulizia, nikajaza tena, mpaka mashavu yakauma. Nilitaka ziote vizuri kuliko miaka yote, halafu siku moja niseme kwamba ule ulikuwa mdomo wangu. Zilikuwa zimelowa sana, kwa hiyo nikafunika kikapu kwa mfuniko, na juu ya mfuniko nikabana gunia ili mtu asione.

Jumatatu asubuhi Bibi aliondoa gunia, akafunua. Joto lilitoka mle ndani kama la sufuria iliyotoka jikoni, na nyuma ya joto ikaja harufu. Mbegu zilikuwa zimegandana, nyingine zimechipua vijimkia vyeupe na kuoza. Harufu ile niliifahamu. Ilikuwa ile niliyoisikia nikipumulia kiganja changu kitandani. Ilikuwa imetoka kwangu ikaingia kwenye mbegu, sawasawa na alivyosema Bibi, na nilidhani shamba letu la bondeni halina mbegu tena.

Bibi aliuliza nani amefanya hivi. Hakupaza sauti. Nadhani angepaza ningekimbia.

"Ni mimi, Bibi," nikasema, na baada ya hapo maneno hayakutaka kusimama. "Na jino linaniuma. Linaniuma tangu tuvune."

Aliniketisha kizingitini, akanigeuzia jua, akaniambia nifungue kinywa. Alichungulia muda mrefu, pumzi yake ikiingia kinywani mwangu na yangu usoni mwake, wala hakugeuka pembeni. Alikuwa mtu wa kwanza, kwa miezi mingi, kukaa karibu namna ile.

"Neno lenyewe hili hapa," alisema.

Kesho yake alinipeleka mjini, jino likang'olewa. Taya lilibaki. Daktari aliniambia nipige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na ulimi nao, kwa sababu uchafu hujificha kule nyuma. Bibi aliyapokea kama amri ya kanisa. Alinichongea mti wa mswaki, kila jioni akanipimia chumvi kwenye maji ya uvuguvugu, akasimama mbele yangu mpaka niteme. Baada ya wiki moja alinisogezea shavu tena. Nikapumua, safari hii bila kubana. Alifumba macho, akaenda jikoni, akakitungua kibuyu cha mbegu za akiba kilichoning'inia juu ya moshi.

Nilipulizia mbele ya wote, Odilia akishika ungo. Siku chache baadaye nilikwenda shambani peke yangu, nikaona ulezi umetoboa ardhi yote, mwembamba kama nywele za mtoto mchanga. Nilipiga magoti kwenye tope. Sikuthubutu hata kupumua juu yake.

Kidato cha pili nilifundishwa kuhusu bakteria. Najua sasa kwamba mbegu mbichi zikifunikwa hupata joto na kuoza, hata zingepuliziwa na malaika. Najua. Lakini nikikumbuka kikapu kile, nywele bado zinanisimama.

Mwaka uliofuata Bibi alipata kiharusi, nami nikaacha shule kumtunza. Sasa nina miaka kumi na saba. Odilia ameolewa mjini, akija na sukari hukaa kiti cha mlangoni, na wageni wengine hufanya hivyo hivyo. Novemba iliyopita Bibi hakuitisha ungo. Mvua ya kwanza ilipita, na ya pili. Siku moja akanishika mkono kwa ule wake mzima.

"Felista. Kinanuka?"

Nilitamani kusema hapana. Halafu nikakumbuka nilivyotafuna mkaa peke yangu, kwa sababu hakuna aliyesema.

"Kinanuka, Bibi. Ngoja nilete maji ya chumvi."

Nilimketisha, nikazungusha kitambaa safi kidoleni, nikasafisha meno yake mawili yaliyosalia, fizi, na ulimi mpaka nyuma, ndani ya shavu lililolala ambako chakula kilikuwa kimekaa bila yeye kujua. Nilifanya asubuhi na jioni, siku nne. Siku ya tano niliinama nikamwekea shavu langu. Alipumua. Nilisikia harufu ya chumvi na ya mtu mzee, basi.

Nikaleta ungo kitandani. Maji mengi yalimchuruzika kidevuni, lakini matone machache yalifika. Mimi nikapulizia mara ya pili, kisha nikajitwisha mbegu nikaenda kuzipanda papo hapo, zingali na umande wake.