Shikamoo Ndani ya Bagrati

Nimekana kwa miaka. Dada zangu waliponiuliza kwa nini jioni ile nilirudi kutoka shamba letu la kijijini Susuni nikilia na kucheka, niliwaambia ni malaria. Haikuwa malaria. Nilimwona marehemu mume wangu, na ninayokusimulia yalitokea. Najua, ni mimi yuleyule ninayeandika makala za kuwacheka wanaoona mizimu. Haya, nicheke, ni zamu yako.

Marwa alisomea uhandisi Georgia, enzi za Wasovieti. Ndoa yetu ilikuwa ya watu wawili na kanisa moja: Bagrati, kanisa kuu la mji wa Kutaisi, lenye miaka elfu. Alikuwa akilichora vumbini, au mezani kwa soda iliyomwagika: mbawa tatu zinazoishia kwa nusu duara, nguzo nne nene, na juu yake kuba, ambayo askari wa Kituruki waliiangusha kwa baruti, kanisa likakaa karne tatu bila paa. "Nitakupeleka," alisema. Akafa kabla.

Jioni ile mvua ilinikuta njiani, nikajibanza kati ya majabali mawili. Nilipopenya upande wa pili, niamini, sikutokea shambani. Nilizungukwa na kuta za mawe ya manjano zilizopinda nusu duara, visiki vya nguzo, na mahali pa kuba, mawingu. Kijana alikuwa amekaa juu ya jiwe, anachora. Shingo ile ningeisahauje?

"Marwa!"

Akageuka, akasimama upesi. "Shikamoo mama."

Wewe ungefanyaje? Nilitaka kumwambia kila kitu, lakini alikuwa bado hajanijua, na uso wake ulikuwa na hofu.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu mume wangu.

"Mama, umetoka nyumbani?"

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Mara nikajikuta nimeshika jabali lenye maji.

Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha, wenzangu wanaingia ndani, mimi natoka. Sijaona kitu tena. Nakuonya: ukikutana na uliyemzika, usipoteze muda kwa salamu.

Ningeendelea kukana, lakini mwezi uliopita rafiki wa Marwa aliyesoma naye Georgia, sasa mstaafu pale Mugumu, alinipigia simu kunijulia hali, akaanza kukumbuka ujana wao.

"Shemeji, mumeo alikuwa na vituko! Siku moja alitoka kwenye lile gofu la kanisa anatetemeka, eti amemwamkia mama wa Kikurya aliyelowa mvua, mama akamshika mkono, akayeyuka. Tulimcheka sana. Tukamwambia ni baridi, na hamu ya ugali."

"Yeye akasemaje?"

"Hakucheka, shemeji. Alisema hakumjua mama yule ni nani, ila hakuna mtu aliyewahi kumtazama vile."