Sauti ya Kuitia Ng'ombe

Kila mtu na ulevi wake, na wa Meshack ulikuwa sauti. Aliendesha bodaboda pale Malangali, na popote alipopeleka abiria alirudi na kitu kwenye simu: akina mama wa Kifipa wakiimba huku wakipura ulezi, honi za malori kule Kasesya, kengele ya parokia. Rhoda, mkewe, alimtania kwamba siku moja angerekodi hata ugali ukitokota. Kumbe alikuwa ameshaurekodi.

Sauti moja ndiyo iliyomshinda, ya baba yake. Mzee Luhende alihamia Ufipa kutoka Usukumani akiwa kijana, na alikuwa na namna yake ya kuita ng'ombe: mluzi mrefu, kisha jina la jike anayewatangulia wenzake. Zizi zima lilimfuata bila fimbo. Meshack alipoomba kumrekodi, mzee alikataa.

"Hiyo si ngoma, mwanangu. Hiyo ndiyo kamba yao."

Basi Meshack akajificha nyuma ya uzio wa minyaa, akamrekodi hivyo hivyo, akairusha kwenye makundi ya wasapu. Watu wakaipenda. Vijana wa Kasesya wakaifanya mlio wa simu, naye akavimba kichwa.

Mwezi wa nane kukatokea msiba kwa jirani. Mzee na mwanawe wakashinda makaburini, Rhoda akabaki na ng'ombe bondeni. Waliporudi jioni walimkuta jikoni, hana wasiwasi wowote. Akapiga goti kumsalimu mkwewe.

"Shikamoo baba. Ng'ombe umewaacha wapi?"

Mzee hakuelewa. "Ng'ombe gani?"

"Si ulirudi mchana ukawaita kutoka kule kilimani? Nilisikia mluzi, nikasikia unamtaja yule jike. Wakaondoka wenyewe. Nikasema leo baba amenipunguzia kazi."

Meshack akaitoa simu yake, akaitazama. Mtu alikuwa amekaa nyuma ya kilima na spika, akapiga sauti aliyoirusha Meshack mwenyewe. Walikwenda na tochi, wakakuta kwato nyingi, kisha alama za matairi ya fuso, kisha lami. Mali ya maisha ya mtu mzima ilikuwa imepakiwa mchana kweupe. Alibaki ndama mmoja mgonjwa aliyefungwa nyumbani.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu. Hapa lililovunjika ni guu la mkuu mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma.

Usiku huo Meshack alimweleza baba yake kila kitu. Mzee hakumtukana. Afadhali angemtukana. Asubuhi alimwita, akamwonyesha pa kukaa, akasema, "Washa niisikie."

Meshack aliwasha. Mluzi ukatoka, kisha jina. Yule ndama mgonjwa akajikongoja akasimama, akavuta kamba yake kuelekea kwenye simu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Nifute, baba?"

"Utafuta kwako. Kwa hao uliowarushia je? Na usije ukawalaumu ng'ombe. Hata mimi ningeifuata."