Mama Washa na kompyuta iliyogoma kuwaka

Feni inanguruma, kioo kinabaki cheusi, na kimstari kimoja kinapepesa kwenye kona. Fundi anaizima kompyuta, anavuta pumzi, kisha anatamka maneno yaliyompa jina la Mama Washa: "Washa tena tuone."

Anayebonyeza ni mteja wake, mwalimu wa shule ya wasioona, naye pia haoni. Ameweka kiganja juu ya kompyuta, anaisikiliza.

Kompyuta yenyewe ni kuukuu kuliko wanafunzi wake wote, lakini ndiyo pekee yenye tundu linaloingia waya wa mashine ya shule ya kuchapa nukta nundu. Mitihani ni wiki ijayo. Diski ya zamani ilikufa, fundi akaweka nyingine kubwa na kuipakia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Imeingia vizuri, ila kompyuta haiwaki.

"Wenzangu wanasema niitupe," anasema mwalimu. "Nawauliza, watoto wasome nini, upepo?"

Mama Washa alianza kwa kushona nguo. Cherehani yake ya umeme ilipozima, akaifungua mwenyewe. "Mume wangu alisema nitapigwa shoti. Sasa yeye ndiye anayenipigia debe."

Asubuhi alidhani toleo la Linux ni jipya mno kwa mashine hiyo. Akaweka jepesi. Wapi!

"Fundi," mwalimu anasema, "diski inakwaruza kidogo, halafu kimya. Kama inatafuta kitu, inakikosa."

Mama Washa anaacha bisibisi. Kompyuta za umri huo, zinapoanza kuwaka, husoma sehemu ya mwanzo tu ya diski kubwa, na mafaili ya kuwashia yamekaa mbali.

"Mtu mfupi nimemwekea sukari rafu ya juu!" anasema, akicheka.

Anaigawa diski upya, anatenga kipande kidogo mwanzoni kwa mafaili hayo, kisha anapakia tena. Mchana unapita, chai inapoa.

"Washa tuone."

Diski inakwaruza, na safari hii hainyamazi. Mwalimu anatabasamu kabla fundi hajasema neno. Wanaunganisha mashine ya kuchapa. Inagonga karatasi kwa kishindo. Mwalimu anapitisha kidole. "Swali la kwanza," anasoma.

Fundi anaigusa karatasi. Anasema anataka kujifunza nukta hizo. Amechoka kutengeneza kitu asichoweza kukisoma.

"Njoo Jumamosi," mwalimu anamwambia. "Utakaa na darasa la kwanza."

"Wakinicheka je, mwalimu?"

"Watakucheka. Wewe kaa tu."