Siku Tulipomwandalia Afisa Pilau

Siku ile afisa wa watoto alipopiga hodi nyumbani kwa kaka yangu, pale Bodo, naikumbuka, mwanangu, kama iliyopita juzi. Nilikuwa msichana. Kaka alikuwa amezama kwenye unga wa kulevya, mkewe naye vivyo hivyo, na watoto wao wawili wakishinda njaa. Mama yangu alipata fununu mapema kuwa afisa anakuja. Akafanya wanavyofanya wanawake wa kwetu, akaisitiri familia. Jirani mmoja akaleta mikeka, mwingine pilau. Watoto wakaogeshwa, wakavishwa nguo za Idi za wenzao. Kaka na mkewe wakafichwa chumba cha nyuma.

"Wanakula, chuo cha Kurani wanakwenda, alhamdulillahi," mama akamwambia afisa, huku akimsogezea sahani ya pilau. Afisa akashukuru akaenda zake. Sisi tukapumua, nguo zikarudi kwa wenyewe.

Haukupita muda, yule mdogo, Mwanasha, akalazwa hospitali Msambweni, hajiwezi kwa homa na njaa. Kesi ikafika mahakamani Kwale. Ee mwanangu, hofu ile sijaisahau! Hakimu aliposema wazazi hawafai kukaa na watoto kwa sasa, hatukushangaa. Mama akasimama akaomba apewe yeye wajukuu zake.

"Mama," hakimu akamwambia kwa upole, "si wewe uliyemwambia afisa kuwa watoto wanakula? Leo nikuamini kwa lipi?"

Mama akaketi. Watoto wakapandishwa gari kupelekwa makao ya watoto, Bakari, yule mkubwa, akiita "Bibi! Bibi!" mpaka mlango ukafungwa.

Kesho yake mama alikwenda mwenyewe ofisini kwa afisa. "Mwanangu anatumia unga," akasema, "na mimi nimekuwa nikimfichia." Lilimtoka kwa shida, maana kwetu neno hilo halisemwi mbele ya mgeni. Tangu hapo wakaanza kumsikiliza, lakini mambo ya mahakama ni polepole. Watoto walipokabidhiwa kwake hatimaye, mwaka na zaidi umepita, Mwanasha alisimama mlangoni akampa bibi yake mkono, kwa adabu, kama anayeamkia mtu baki: "Shikamoo, mama."

Mama aliitikia marahaba. Kisha akaingia jikoni akalia.

Sasa wewe umenijia na habari za dada yako wa Ukunda, ulevi wake na wanawe, unataka nikufundishe la kumjibu afisa akija. Sina uongo wa kukupa. Leo hii kawachukue wale watoto, wapate kula na kulala kwako, na ukiulizwa, sema yote uliyoyaona. Dada yako atakununia, na watu wa mtaa watasema umemwanika. Waache waseme. Aibu yake ataimaliza mwenyewe akipona, lakini watoto hawana muda wa kungoja.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akutie nguvu, amponye dada yako, na wale watoto wakue wakijua wewe ni nani wao.