Kipara cha Nusu kwa Nusu

Mtaa mzima ulijua kwamba fundi rangi haamini rangi yoyote mpaka apake nusu ya ukuta, aiache nusu nyingine ilivyo, kisha asimame mbali, mikono kiunoni, alinganishe. Wenye nyumba walinung'unika, yeye wala hakujali. Ndiyo maana hawakushangaa sana siku alipotoka nyumbani na kipara kilichogawanywa katikati kwa utepe wa karatasi, ule mafundi wanaoubandika pembeni mwa dirisha ili rangi isivuke. Upande wa kulia uling'aa mafuta. Wa kushoto ulikuwa mkavu kama siku zote.

Chanzo chake hakikuwa kichekesho. Mkewe, ambaye tangu wazae mapacha huitwa Mama Pacha, alikuwa na presha, na alikuwa ameacha dawa za kliniki. Shoga yake alimletea chupa ya vidonge laini vya vitamini E, na karatasi yake iliahidi moyo imara, macho makali, ngozi ya kitoto, na nywele hata kwa waliokwishakata tamaa. Kwa nini ahangaike na dawa inayotibu kitu kimoja, alisema, wakati hii inatibu vyote? Fundi alimwona akishika ukuta kila anapoinuka, na hofu ikamkaa moyoni.

Akaenda kliniki peke yake kuuliza. Muuguzi alimweleza kwamba mwili unaihitaji kweli vitamini E, ila watu wengi huipata kwenye mafuta ya kupikia, karanga na mbegu. Watafiti walishawagawa maelfu ya watu mafungu mawili, hawa wakapewa vitamini yenyewe, wale wakapewa vidonge vya kufanana visivyo na dawa ndani, na mioyo ya hawa haikupata nafuu kuliko ya wale. Tena ukizidisha, damu inaweza kuvuja. Fundi alibakiza kidogo amkumbatie muuguzi wa watu. Kumbe na wataalamu hupaka nusu ya ukuta!

Mama Pacha hakutaka habari za maelfu asiowajua. Basi fundi akatoa mtihani wa nyumbani: kila asubuhi atatoboa kidonge na kupaka nusu ya kipara. Waliomuuliza nywele na moyo vinahusiana wapi aliwajibu kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Karatasi ikidanganya kuhusu nywele, imedanganya na kuhusu moyo. Vidonge vikiisha bila unywele kuota upande wa kulia, mke anarudi kwenye dawa zake. Mama Pacha alikubali haraka, maana ushindi aliuona uko mlangoni.

Kipara kikawa mali ya umma. Majirani walipita kukikagua wakienda dukani, na kinyozi wa jirani akajiteua mwamuzi, na kioo chake mkononi. Wateja walimsihi fundi avae kofia akifanya kazi kwao. Alikataa, akisema kofia itachanganya majibu.

Kisha upande wa kulia ukaanza kuwasha na kutoa vipele. Hilo aliliona la kawaida, mafuta si yote hupatana na ngozi. Kilichomtia wazimu ni upande wa kushoto, usioonja hata tone, ulipoanza kuwasha nao.

Alasiri moja alikuwa amejilaza mkekani baada ya kazi, macho ameyafumba, usingizi haujaja kwa ajili ya muwasho. Akasikia vidole vya mkewe vikipita taratibu upande wa kushoto, vikiteleza kwa mafuta. Sheria yake ya ukutani ilikuwa wazi: nusu ikichafuliwa, unakwangua, unaanza upya. Alipaswa kuinuka papo hapo na kuvunja mtihani. Lakini ilikuwa miaka tangu mkono ule upite kichwani mwake, tangu zama za nywele, na fundi naye ni binadamu. Akajitia kukoroma. Kesho yake alijilaza mapema zaidi.

Vidonge vikaisha. Kinyozi aliinama na kioo chake mbele ya majirani, akatangaza: kulia vipele, kushoto vipele, nywele hakuna. Watu wakatawanyika, na Mama Pacha akashindwa kuvumilia.

"Baba Pacha, mtihani wako haufai. Huo wa kushoto nilikuwa naupaka mimi, ukishalala."

"Kwa nini?"

"Nimelea mapacha mimi. Siwezi kumlisha mmoja, mwenzake anatazama."

Fundi akakiri kwamba alijua. Mkewe akamkazia macho, akasema basi na waanze upya.

"Tuanze nini? Mafuta yamepewa kichwa kizima, yameshindwa kichwa kizima. Mimi nywele sizitaki, Mama Pacha. Nakutaka wewe."

Mama Pacha aliingia ndani, akatoa dawa ya presha nyuma ya vikombe, akaimeza, kisha akamtolea mumewe ulimi aone, kama walivyokuwa wakiwafanyia mapacha.

Alasiri fundi alijilaza tena mkekani, akijua mafuta yamekwisha na hana la kutegemea. Mkono ukaja, mkavu. Ukamkuna upande wa kulia, kisha ukamkuna wa kushoto.