Mimi rubani, pua ilitaka kunishusha angani: nilivyomsaka mchawi wake hapa Pemba

Wakuu, salaam. Hili limenikuta mwenyewe, chumvi sijatia.

Mimi mtu wa bara, narusha ndege ndogo za Unguja na Pemba, nakaa Gombani na mke wangu Zuwena. Tangu tuoane nikaanza chafya za asubuhi, macho yanawasha, pua imeziba.

Kwa mtu wa ofisini ni kero tu. Kwa rubani, pua ikiziba masikio hayazibuki wakati wa kushuka, na maumivu yake usiombe. Medical yangu, ule uchunguzi wa afya wa leseni, nayo ilikuwa inakaribia. Niliogopa sana kupoteza kazi.

Wenzangu wakasema meza vile vidonge vya mafua vya bei poa. Vile vinalaza jamani, na abiria nimewabeba mimi. Nikaomba nisipangiwe safari, nikaenda kwa daktari wa marubani, nikamwaga yote.

Hakunifokea. Akasema ni mzio, akanipa spray ya pua isiyoleta usingizi, nisiruke kwanza tuone inavyonikubali. Kisha akaniambia, "Kachunguze unaanzia wapi."

Hapo udadisi ukanipanda. Mshukiwa wa kwanza karafuu, si ndiyo msimu. Nikaenda Ole kwa wakwe, nikakaa kando ya majamvi wanakozianika, nikazichambua kwa mikono. Chafya hata moja sikupiga.

Mama mkwe akaniangalia weee. "Weye baba, leo umekuja kuchambua au kunusa?"

Nikarudi nyumbani, nikafungua kabati nitoe shati la kazi. Chafya mfululizo.

Katikati ya mashati kulikuwa na maua ya mkadi. Wenyeji mnajua, huku nguo hutiwa mkadi zinukie. Harufu niliizoea, nikidhani ni marashi. Nikakung'uta ua moja, unga laini ukamwagika. Chavua tupu.

Nikamwonyesha Zuwena. Akalipokea lile ua.

"N'kitia ili ukiwa huko juu unukie nyumbani."

Niliumia, wakuu.

Mashati akayafua yote, mkadi akampa dada yake. Medical nimepita, naruka. Ila kabati linanukia sabuni tu.

Funzo: marubani wenzangu, usijitibu kimyakimya, mwambie daktari wako. Halafu chunguza mpaka kabatini.

Sasa wajuzi wa manukato, nimletee harufu gani isiyo na chavua? Nataka aendelee kunitilia kwenye mashati.